Alipanda Kuweka Kikapu

Hotuba niliyoitoa kwenye sherehe ya miaka 40 ya ndoa yetu, Mwanza, Jumamosi tarehe 11 Mei 2024. Nimeiandika kutoka kwenye simu ya mjukuu aliyenirekodi. Vicheko vya ukumbini nimeviacha, isipokuwa pale mwenye sherehe mwenzangu aliponikatiza.

MC, hicho kipaza sauti niachie. Kwenye ratiba umeniandikia dakika tano, na mimi nina miaka 40 ya kusema.

Wakwe zangu, mashemeji, majirani wa zamani wa Mabatini na wa sasa wa Nyegezi, wanakwaya, watoto na wajukuu: shikamooni mnaostahili, na wenye kuniamkia, marahaba.

Watoto wametuonyesha picha ukutani hapo na muziki wa kuliza watu. Nimeona shangazi mmoja anapangusa macho kwa kitambaa cha mezani. Imependeza. Ila hii hadithi yetu ya kutoroka kwa meli kila mwaka inanenepa. Mwaka 2004, tulipotimiza 20, mlisema meli ilikuwa imeshaachia gati na mama yenu akaruka. Tulipofikisha 30 kukawa na radi na mawimbi. Leo nimesikia kuna polisi walitufukuza kwa boti. Wajukuu zangu, mkituandalia ya 50 nadhani kutakuwa na mamba.

Hakuruka. Alipanda kuweka kikapu.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 26, karani wa stoo kiwandani hapa Mwanza, nimekwenda nyumbani Bukoba kwa likizo yangu ya siku 28. Mama yenu alikuwa na miaka 20, mwalimu wa shule ya msingi, ametoka chuoni juzi tu. Tulikuwa tunafahamiana mwaka wa pili, na nilikuwa nimeshatuma mshenga. Mshenga alirudi na jibu kabla hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, haijapoa mdomoni. Mzee, baba yake, alikuwa mzee wa usharika, Mlutheri aliyenyooka kama rula, na sisi kwetu ni Wakatoliki. Vijana wa leo mnaoana tu, padre na mchungaji wanapiga picha pamoja. Enzi zile mtu alitengwa kanisani kwa jambo hilo. Sisi Wakatoliki wa Bukoba tulitembea kifua mbele, maana mwana wa kwetu, Laurean Rugambwa, alikuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika tangu mwaka 1960. Kwa mzee hilo ndilo lililoharibu kabisa. Alimwambia mshenga wangu, "Kama anataka mke, aende kwa Kardinali wake akamtafutie."

Likizo ikaisha. Tarehe 12 Aprili, siku ya Alhamisi, nikashuka bandari ya Kemondo kuisubiri meli. Ilikuwa MV Victoria. Wengi wakisikia habari ya meli hudhani ni MV Bukoba, ile iliyozama mwaka 1996 na kutuachia msiba ambao familia zilizo humu ndani bado wanaubeba. Victoria ilikuwa ikitoka Bukoba inapita Kemondo kupakia kahawa na ndizi, kisha baada ya hapo ni maji matupu mpaka Mwanza. Hilo la maji matupu mlishike.

Kwa nini mama yenu alikuwa bandarini? Alitumwa na baba yake. Mzee alikuwa na mtoto wa kiume aliyefanya kazi Mwanza, na alitaka apelekewe kikapu: ndizi, maharage, kahawa, na senene wa kukaanga kwenye kopo la maziwa. Akawapakia mabinti zake wawili kwenye lori la kahawa, yule mwalimu na mdogo wake wa darasa la saba, wakamtafute msafiri mwaminifu wa kumpa kikapu. Msafiri mwaminifu akawa mimi.

Shemeji uliyekaa meza ya pili, kikapu kilikuwa chako. Tulikula chote. Nitakulipa.

Kabla meli haijafika, mtu mmoja alikuwa na redio pale gatini. Ndipo tukasikia sauti ya Mwalimu Nyerere akilitangazia taifa kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mlioishi mnakumbuka mlikuwa mmesimama wapi. Wachukuzi waliweka magunia chini. Kuna mzee alikaa juu ya gunia lake la kahawa akavua kofia, akaishika hivi mapajani, hakusema kitu. Meli ilipofika, ilipakiwa kimyakimya. Nimepanda meli nyingi ziwa hili, sijawahi kuona bandari isiyo na matusi isipokuwa usiku ule.

Ubao wa kupandia ulikuwa umelowa, unateleza. Mama yenu akavua viatu vyake, vile vya plastiki vyenye matundu tulivyokuwa tukivivaa wakati vya ngozi havipatikani, akampa mdogo wake avishike. Akajitwisha kikapu. Mimi nilikuwa na sanduku na mkungu wa ndizi. Akapanda nyuma yangu, akakitua kikapu pembeni mwa magunia, akanyoosha mgongo. Tukaagana. Tulishaagana mara nyingi, hii ilikuwa kama nyingine tu. Honi ikalia.

Hakushuka.

Mara nyingi watoto mmeniuliza nilimwambia nini. Sikumwambia kitu. Ningependa kuwaambia nilipiga magoti. Nilikuwa nahesabu mizigo! Nilipoinua kichwa nilimwona ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, anaangalia gati, na ubao unavutwa. Nikamwambia, "Wewe, shuka." Hilo ndilo neno langu la kwanza kama mwanamume aliyetoroka na binti wa watu. Akaniambia, "Ubao umeshaondoka." Ubao ulikuwa bado una hatua kama mbili hivi za kumtosha. Nililiona hilo, na yeye anajua niliona.

Basi akaanza kulia. Mama mmoja wa Kihaya aliyekalia mikungu yake akamvuta, akamlaza kichwa mapajani, akawa anambembeleza: "Pole mwanangu, si wewe peke yako, nchi nzima imefiwa." Usiku kucha hakuna aliyemuuliza msichana yule analia nini. Mkaguzi wa tiketi alipofika, macho yake mwenyewe mekundu, nilimlipa nauli na faini ya kupanda bila tiketi. Ndiyo ikawa faini ya kwanza ya ndoa hii.

Alfajiri tukaliona Jiwe la Bismarck linatoka kwenye ukungu, na mama yenu akaingia Mwanza pekupeku, na kikapu cha kaka yake kichwani.

Sasa, mtu akitoroka anadhani mbio ndiyo kazi. Jumatatu, tarehe 16, tukaenda bomani. Bendera nusu mlingoti. Karani aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mpole, anaandika kama anachora. Nikamwambia tunataka kufunga ndoa. "Lini?" Nikasema leo. Akatuangalia, akamwangalia mama yenu miguuni, ambako kulikuwa na katambuga zangu zenye kisigino kinachotokeza nyuma, akasema, "Wanangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku zisizopungua 21."

Siku 21! Sisi tulikuwa tumetumia nusu dakika.

Akatujazia fomu. Umri? Alipotaja 20, karani akasema vizuri, amevuka 18, ridhaa ya baba haitakiwi. Mahari imelipwa? Nikaanza kujikanyaga, akasema sheria haiibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijalipwa, usitoke jasho. Halafu akauliza: hii ni ndoa ya mke mmoja, au inayoweza kuwa ya wake wengi? Mimi nikafungua mdomo, mama yenu akajibu. Tangu Kemondo alikuwa hajaongea kwa sauti kubwa kiasi kile. Watu wa dirisha la leseni waligeuka.

Mwisho akaandika majina ya wazazi wa pande zote, na taarifa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, ili mwenye pingamizi la kisheria alilete.

Hizo siku 21 ndizo hamna kwenye picha zenu. Mimi nilihamia kwa rafiki yangu wa kazini, mama yenu akabaki chumbani kwangu Mabatini na mama jirani akilala naye, kwa sababu mama jirani alisema kwenye nyumba yake hakuna harusi ya kuanzia katikati. Pasaka ikaangukia humohumo, tarehe 22. Asubuhi ile alisikia kwaya ya Walutheri kwa mbali, akakaa mlangoni na ufagio mkononi hadi ibada ikaisha, uani hakufagia. Kazi ya ualimu ilikuwa imeshakwenda. Barua ya kuachishwa kwa utoro ilimfikia baadaye, imeandikwa vizuri sana, na ilimchukua mpaka mwaka 1989 kurudi darasani. Alikuwa amewaandikia wazazi barua ya ukurasa mmoja kuwaeleza tuko wapi. Jibu halikuja.

Tarehe 8 Mei, Jumanne, tukarudi bomani. Mashahidi wawili: mama jirani, na yule rafiki yangu wa kazini. Yeye hayupo leo. Wengi wa rika letu wa Kagera hawapo, mnajua ugonjwa ule ulivyotupitia. Bibi harusi alivaa gauni la mama jirani, na viatu vya mama jirani vilivyojazwa gazeti kwa mbele. Tukiwa tunasubiri kuitwa, karani akanivuta pembeni. Akaniambia, "Baba mkwe wako alikuja."

Miguu ikaniisha nguvu. Nikauliza, ameweka pingamizi?

Akasema mzee alifika wiki iliyopita na koti lake la kanisani. Hakusalimia kwa maneno mengi. Akauliza taarifa za ndoa zinabandikwa wapi. Akavaa miwani, akasoma yetu kutoka juu mpaka chini, akarudia. Halafu akachomoa kalamu mfuko wa shati. Karani akainuka amzuie, maana ile ni nyaraka ya serikali. Mzee akamwambia, "Jina langu mmelikosea." Herufi moja. Wale wa kwetu mnajua, L na R za Kihaya zinavyowapa shida makarani wa huku. Akaifuta ile herufi kwa mstari mmoja, akaandika iliyo sahihi juu yake, akaangalia kama imekaa sawa. Akaomba maji, akanywa, akaondoka. Jioni hiyo akapanda meli kurudi Bukoba. Alikaa Mwanza mchana mmoja, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kwa binti yake, na hakubisha hodi.

Sisi tuliingia tukafunga ndoa. Nakala ya cheti iko pale kwenye fremu, jina la mzee liko sahihi.

Ilipita miaka mitatu kabla hajatupokea. Mwaka 1987 tulikwenda na mtoto mgongoni na wazee wangu mbele. Tukalipa mahari, tukalipa na faini ya kumchukua mtu bila kubisha hodi; mbuzi, blanketi la bibi, kanzu, rubisi. Wazee walitusema tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Mzee hakusema chochote siku nzima. Jioni akaleta kikasha cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, akaanza na mgeni wa mwisho kabisa kwa umri, akazunguka, akaja kwangu mwishoni. Akanipa punje mbili. Basi, hatukulizungumza tena mpaka alipofariki. Alikuwa amejiuzulu uzee wa kanisa wiki ileile ya Aprili, akakaa viti vya nyuma mpaka mama yenu aliporudi kundini na ndoa yetu ikabarikiwa. Sikujua hilo la viti vya nyuma mpaka msibani kwake, alipolitaja mchungaji.

Sasa nije kwenye jambo lililonisimamisha hapa, na MC acha kuangalia saa.

Kwenye zile picha ukutani hakuna mtu aliyebaki gatini.

Mdogo wake mama yenu, huyu mnayemwita mama mdogo, alikuwa na miaka 13. Alibaki Kemondo amekamata viatu vya dada yake, pea moja, taa za meli zinakwenda. Dereva wa lori akaja kumwuliza, mwenzako yuko wapi? Akajibu, "Amelala kwa shangazi hapa Kemondo, ana homa." Akarudi nyumbani juu ya lori tupu, gizani. Akamwambia baba yake vilevile: shangazi, homa. Asubuhi akamwambia tena. Siku ya pili mzee akatuma mtu kwa shangazi.

Nyinyi hamkumjua mzee alipokuwa na nguvu zake, kwa hiyo sitasema alichapwaje. Nitasema la shule. Mwaka uleule alifanya mtihani wa darasa la saba akiwa amevaa viatu vya dada yake, ndiyo vilivyobaki mikononi mwake, akachaguliwa kwenda sekondari. Mzee akakataa. Alisema, "Yule wa kwanza nilimsomesha, akanisomea ratiba ya meli." Akamweka nyumbani apalilie kahawa. Siku tulipokuwa tunatafuna akamwani na kusifiwa kwamba mambo yameisha, yeye ndiye aliyekuwa jikoni anapika ndizi za wageni. Alikuwa na miaka 16.

Mwaka 1988 tukamwomba mzee, mama mdogo akaja kukaa kwetu. Akasoma kwa posta. Mnaozaliwa na intaneti hamjui kusoma kwa posta: kijitabu kinakuja kwa bahasha, unafanya zoezi, unarudisha, unasubiri. Akifika sanduku la barua akakuta tupu, anarudi bila kusema. Mwaka 1994 akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ana miaka 23, amekaa na watoto wa miaka 17. Akaja kuwa muuguzi. Nimekuwa nikijisifu kwenye vikao kwamba sisi ndio tuliomsomesha. Naomba leo hilo nilifute kwa mstari mmoja, kama mzee alivyofuta ile herufi. Tulimrudishia sehemu tu ya kile tulichomchukulia, tena kwa kuchelewa miaka minne.

Kilichonikera nafsini ni kwamba miaka yote hii sikuwahi kumuuliza kwa nini alidanganya. Nilijiridhisha kuwa alitupenda, alitaka tufike. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa uani tunaandika kadi za wageni, nikamuuliza. Akacheka kwanza. Akasema, "Shemeji, mimi nilidhani mtafika Mwanza, dada atageuza na meli ya kurudi. Nilikuwa nawatunzia siri ya siku mbili. Nilimshikia viatu nikijua anarudi kuvivaa."

Shemeji, simama watu wakuone. Simama tu, hutahutubia.

Sikuwa na la kumjibu siku ile na sina leo. Mimi niliuona ubao ukiwa na hatua mbili, nikanyamaza. Mtoto wa miaka 13 akaulipia. Nimefurahi na mke wangu miaka 40, nisingependa mtu yeyote anielewe vibaya hapo, na mtu angenipeleka tena Kemondo ningenyamaza vilevile. Lakini nisingehesabu mizigo. Ningeangalia gatini nimwone aliyesimama pale.

Sasa keki. MC, najua utaratibu: kipande cha kwanza kwa wazazi. Wazazi wetu wote wanne wametangulia. Kwa hiyo kipande cha kwanza, na kiwe kikubwa, kiende meza ya shemeji. Cha pili kiende kwa yule mwenye kikapu, kipunguzwe kwenye deni. Mama jirani, wewe cha tatu, na viatu vyako asante, gazeti lake ninalo mpaka leo, kurasa za mbele zote ni Sokoine.

Honi ilipolia mara ya pili, ndipo…

(Hapa mama yao alichukua kipaza sauti: "Mara ya tatu. Ya pili nilikuwa bado nashuka.")

Mnamsikia? Miaka 40 ananiambia ilikuwa ya pili. Kaa chini mama, hebu kaa. Ulikuwa unashuka?